Wauguzi na madaktari mnaoitazama Uholanzi: anzeni na lugha kabla hamjauza kiwanja

Nesi_wa_Kagera (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Ndani ya mwezi mmoja nimepigiwa simu na watu watatu, wote wauguzi, wote na swali lilelile: "Dada, nifanyeje nije nifanye kazi ya uuguzi Uholanzi?" Mmoja wao alikuwa ameshauza kiwanja. Nimeeleza kwa simu mpaka sauti imekauka, nikaona niliweke hapa na wengine walikute.

Mimi ni muuguzi wa stashahada. Nimefanya kazi miaka sita wodi ya upasuaji kule Kanda ya Ziwa. Huku nilikuja 2018 kwa ndoa, sikuja kwa mkataba wa kazi, kwa hiyo upande wa vibali njia yangu si ya kila mtu. Lakini upande wa usajili wote tunapita mlango mmoja.

Mlango wenyewe unaitwa BIG. Ni rejista iliyowekwa kwa sheria ya 1993, inasimamiwa na CIBG, ofisi iliyo chini ya wizara yao ya afya. Muuguzi, daktari, mkunga, mfamasia, daktari wa meno, mtaalamu wa tiba ya viungo, hakuna anayeruhusiwa kujiita hivyo bila jina lake kuwemo. Rejista iko wazi mtandaoni, mgonjwa akitaka anakutafuta na kuona kama umo. Na ukishaingia hujamaliza, kila baada ya miaka 5 unathibitisha tena kwamba bado unaifanya hiyo kazi.

Aliyesomea nje ya Ulaya anaomba kwanza tamko la umahiri. Hapo kuna mtihani unaoitwa AKV: unapimwa Kiholanzi cha kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, pamoja na uelewa wako wa jinsi huduma za afya za Uholanzi zinavyoendeshwa. Baada ya hapo ndipo unafika kwenye mtihani wa taaluma yenyewe, wanauita BI, na kamati ya CBGV inalinganisha ulichosoma wewe na wanachosoma wao. Wanaweza kusema uko sawa. Wanaweza kusema umekaribia, fanya kazi kwanza chini ya usimamizi. Wanaweza pia kukurudisha darasani.

Angalieni mpangilio huo. Kabla hawajakuuliza kama unajua kuweka katheta wanataka kujua kama unamwelewa mgonjwa. Ndiyo maana nasema lugha kwanza.

Sasa wengi wanachanganya mitihani ya lugha. Ule wa kufanyia ubalozini kabla ya kuja kwa mwenza wako ni ngazi ya A1, ya chini kabisa kwenye ngazi za lugha za Ulaya (A1, A2, B1, B2 na kupanda), yaani kujitambulisha na kuuliza njia. Halafu kuna wa kuingizwa kwenye jamii yao: sisi tuliopita kwa sheria ya zamani tulitakiwa A2, waliokuja chini ya sheria iliyoanza Januari 2022 wanatakiwa B1. Mtu akishaipata B1 anaitisha sherehe anaamini kamaliza. Kwa rejista ya BIG hajamaliza. Daktari anatakiwa B2+, yaani juu kidogo ya B2. Wauguzi na wengine, kila mmoja asome ukurasa wa taaluma yake kwenye tovuti yao, asitegemee alichoambiwa na binamu. Kuna mtihani wa serikali unaoitwa NT2. Programu ya I ni B1 na Programu ya II ni B2. Ushauri wangu ni kulenga ya II tangu siku ya kwanza.

Na msidhani ni sisi tu wa ngozi yetu. Tangu 2017 hata Mgiriki au Mhispania, ambaye cheti chake kinatambuliwa kwa sheria za Umoja wa Ulaya, anatakiwa aonyeshe kwamba Kiholanzi anakijua ndipo jina liingie. Anayesamehewa kupimwa ni yule aliyesomea taaluma yake kwa Kiholanzi.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikitoka zamu.

Mluhya_wa_Kitale

Asante sana dada kwa huu uzi. Mimi ni nesi hapa Kenya, nimekuwa nikisoma Kijerumani. Huku kwetu watu wengi wanaelekea Ujerumani, hasa baada ya ule mkataba wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani wa Septemba 2024. Mtu anaweza kusoma Kijerumani pale taasisi ya Goethe Nairobi kuanzia sifuri. Je, Kiholanzi mtu atasomea wapi akiwa nyumbani? Na je, nikisajiliwa Ujerumani kwanza, si nitavuka tu mpaka niingie Uholanzi?

Nesi_wa_Kagera

Kaka, la kwanza umegusa penyewe. Mjerumani ana Goethe Nairobi na Dar. Mholanzi hana taasisi kama hiyo kwetu. Utajisomea kwa mtandao na mwalimu wa kulipia, na wengi wanaianza lugha wakiwa tayari huku, baridi inawapiga na kodi ya nyumba inawasubiri.

La pili: sheria ya Ulaya ya 2005 inasema cheti cha nje kikishatambuliwa na nchi mojawapo ya Umoja, na ukafanya kazi hukohuko miaka 3, basi nchi nyingine inaweza kukichukulia kama cheti cha Ulaya. Ila sheria hiyo imeandikwa kwa ajili ya raia wa Umoja wa Ulaya. Wewe wa pasipoti ya Kenya usiijengee nyumba. Na hata ingekuhusu, ukivuka mpaka Kiholanzi kinakungoja palepale. Kama Kijerumani umeshakishika, mimi nakushauri ukimalize.

Mzizima_77

Naheshimu uzi, lakini naomba nitofautiane. Uholanzi wanalia hawana wauguzi, nyumba za wazee zinafunga vitanda kwa kukosa watu. Halafu mtu aliyezalisha akina mama miaka kumi anaambiwa aanze na "jina langu ni nani". Nina shemeji daktari kule, amekaa miaka mitatu anapanga bidhaa ghalani usiku huku akisubiri mitihani. Mwili wa binadamu ni mmoja. Moyo wa Mholanzi uko upande uleule na wa Msukuma. Naona hiki ni kikwazo cha makusudi kimevikwa joho la usalama wa mgonjwa.

Nesi_wa_Kagera

Mzizima, nakujibu kwa kirefu kwa sababu hata mimi mwaka wa kwanza niliamini hivyo hivyo.

Kabla ya usajili nilifanya kazi nyumba ya wazee kama msaidizi: kuogesha, kuvalisha, kulisha. Lugha yangu wakati huo ilikuwa B1, nimefaulu vizuri, cheti ninacho. Asubuhi moja bibi mmoja akaniambia: "Zuster, ik heb het zo benauwd." Neno *benauwd* nilikuwa nalijua. Darasani tulifundishwa *het is hier benauwd*, chumba kina joto zito, hewa haipiti. Nikamfungulia dirisha. Nikamwekea na mto. Nikaendelea kutandika kitanda.

Mwenzangu akapita mlangoni, akatazama midomo ya yule bibi, akaacha kila kitu. Bibi alikuwa anasema hawezi kupumua. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo neno hilohilo ni kengele. Wakati mwingine linabeba na hofu ndani yake, kifua kubana kwa wasiwasi. Neno moja, mambo matatu, na tofauti yake haimo kwenye kamusi niliyokuwa nayo, imo kwenye *ik heb* (nina) na *het is* (ni).

Bibi alipona. Lakini wakuu, mimi ni muuguzi wa miaka sita. Dalili za moyo kushindwa kazi nazijua. Angeniambia "sista, pumzi haitoshi" ningekuwa nimeshamwinua, nimeshapima, nimeshaita daktari. Ujuzi wangu wote ulikuwemo kichwani ila ulikuwa umefungiwa nje. Tangu siku ile sijawahi tena kusema lugha ni karatasi.

Pale unaposema kweli ni kwenye muda. Kungoja ni kurefu, ada zinalipwa upya kila ukirudia, na mtu mwenye taaluma anazeeka akiwa hafanyi taaluma yake. Hilo linaniuma, na nadhani wangeweza kumweka mtu wodini mapema chini ya usimamizi akajifunza lugha palipo na lugha. Shemeji yako, kama aliingia kama mkimbizi, aulizie UAF. Ni mfuko ulioanzishwa 1948 kusaidia wasomi wakimbizi, na madaktari wamo miongoni mwa wanaowasaidia. Ghala halitamfundisha Kiholanzi cha hospitali.

Mzizima_77

Nimekuelewa dada. La dirisha limenikaa. Shemeji nitampelekea hiyo habari ya UAF leo.

Bint_Malindi_Muscat

Assalaam alaykum. Mimi ni mkunga, nipo Muscat, mume wangu anahamishiwa Rotterdam, kwa hiyo nasoma uzi huu kwa makini. Mwalimu wangu wa mtandaoni ananiambia wanafunzi wake wengi wanaangukia namba. Ni kweli? Mimi sijaona ugumu.

Nesi_wa_Kagera

Wa alaykum salaam mama. Wewe huoni ugumu kwa sababu umezoea Kiarabu! Waarabu wanaanza na mamoja, *khamsa wa ishriin*, tano na ishirini. Mholanzi ni vilevile: *vijfentwintig*. Sisi wa ishirini na tano ndio tunaopata tabu. Mtu anakutajia kwa simu *vierenvijftig*, nne na hamsini, mkono unaandika 4 kabla akili haijafika kwenye 5. Mapigo ya moyo 54 yakageuka 45. Mimi sasa nina utaratibu mmoja ambao sijauacha: kila namba ninayopewa kwa mdomo nairudia tarakimu moja moja, *vijf, vier*, mpaka mwenzangu aseme ndiyo. Hakuna aliyewahi kukasirika.

Na nukta! Nyumbani dozi ya mbili na nusu tunaandika 2.5 kwa nukta. Huku ni mkato, 2,5. Nukta wao wanaitumia kutenganisha elfu. 1.000 kwa Mholanzi ni elfu moja. Mwenye kuandika dawa aliweke hilo kwenye damu yake kabla hajagusa faili la mtu.

La tatu ni saa, na hapa Mswahili ana mzigo mara mbili. Kwanza tunahama saa sita, kwa kuwa saa nane yetu ni yao ya pili. Halafu Mholanzi akisema *half drie* hamaanishi tatu na nusu. Ni nusu ya kuelekea tatu, yaani 2:30, saa nane na nusu kwetu. *Vijf voor half drie* ni dakika tano kabla ya hiyo nusu. Sasa piga picha dawa ya maumivu inayotakiwa *half drie*, wewe unaipeleka saa tisa na nusu. Mgonjwa amelala na maumivu saa nzima kwa ajili ya neno *half*.

Mwana_Bukavu

Jambo kwenu wote. Miye ni mutu wa Bukavu, ninatumika kama infirmier (nesi) huku Gent, Ubelgiji. Wengi wetu wa Kongo na Burundi tunafikia Ubelgiji kwa sababu Kifaransa tunacho tayari, na Brussels ao Liège mutu anaweza kutumika na Kifaransa. Mimi bibi yangu (mke) alipata kazi Gent, ni kule nikalazimika kujifunza Kiflama, ndicho Kiholanzi cha huku, toka mwanzo, na miaka mingi ya kazi nyuma yangu.

Nataka niongeze kitu kimoja kwa wale wanafikiri Kiholanzi cha Uholanzi na cha Flanders ni kilekile. Kitabu ni kimoja, na kule Leuven wanatoa cheti kinaitwa CNaVT kinajulikana pande zote mbili. Lakini kinywa cha mugonjwa si kitabu. Uholanzi *lopen* ni kutembea. Huku watu wanasema *lopen* kwa kukimbia. Wewe unamuambia muzee aliyetoka kupasuliwa paja leo tuta-*lopen* kidogo, anakutazama kama umerukwa na akili. *Schoon* kule ni safi, huku ni kizuri. Kusafisha huku ni *kuisen*. Mutu akitoka upande moja aende upande mwingine, aombe wiki mbili za kusikiliza kwanza.

Nesi_wa_Kagera

Umenena, kaka. Na ndani ya Uholanzi penyewe kuna Limburg, kuna Groningen, na kuna Friesland ambako Kifrisia ni lugha rasmi kabisa. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, lugha ya mwisho kujifunza ndiyo ya kwanza kumtoka, anarudi kwenye lugha ya mama yake. Hapo hata Mholanzi wa Amsterdam anahitaji msaada.

Maneno mengine ya wodini, niyapitie haraka. *Ontslag* ni kuruhusiwa kutoka hospitali, lakini kazini neno hilohilo ni kufukuzwa. *Overdracht* ni makabidhiano ya zamu, na hapo ndipo wageni tunazama kwa kuwa wanaongea haraka na nusu ya maneno ni vifupisho. *Prikken* ni kuchoma sindano na pia kutoa damu. Kisukari rasmi ni *diabetes* lakini wazee wanasema *suikerziekte*, ugonjwa wa sukari, hapo mtajisikia nyumbani. Na kila kitu wanakipunguza wakiongea na mgonjwa: *prikje*, *plasje*, *pilletje*. Kasindano, kamkojo, kadonge. Ni upole wao, si dharau, na wewe usipoutumia unasikika mkali hata kama moyo wako ni mweupe.

Lingine ni *u* na *je*. *U* ni ya heshima. Mzee hujapewa ruhusa, mwite kwa *u*. Mtoto aliyefundishwa shikamoo hahitaji kuelezwa sababu.

Kijana_wa_Songea

Dada shikamoo. Naomba msaada wa haraka. Mimi ni muuguzi mhitimu, sijaajiriwa. Kuna wakala ananiambia ana nafasi za wauguzi Uholanzi, lugha si lazima, Kiingereza kinatosha, na anataka nilipe nusu ya gharama wiki hii. Anasema Kiholanzi nitafundishwa kazini.

Nesi_wa_Kagera

Marahaba mdogo wangu. Usilipe. Narudia, usilipe.

Kuwa muuguzi pale bila BIG haiwezekani, na BIG bila Kiholanzi haiwezekani. Kwa hiyo anachokuuzia ama si kazi ya uuguzi, ama hakipo. Mwulize kwa maandishi: cheo cha kazi kwenye mkataba kinaitwaje kwa Kiholanzi? Akikuandikia *verpleegkundige*, huyo ni muuguzi, mwulize usajili wako utatoka wapi. Akiandika *helpende*, ni msaidizi wa kuogesha na kuvalisha. Mimi nimeifanya kazi hiyo na ni ya heshima, lakini uijue kabla hujasaini. Halafu mwulize nani anaomba kibali cha kazi, kwa sababu kwa mtu wa nje ya Ulaya mwajiri kwa kawaida anatakiwa aonyeshe kwamba amemkosa mtu ndani ya Uholanzi na Ulaya. Kwa msaidizi asiyejua lugha, hilo litathibitishwaje?

Na ulielewe hili pia: Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ambazo nchi tajiri zimeombwa zisiende kuchota wafanyakazi kwa makundi. Haikuzuii wewe binafsi kuomba. Lakini mtu akikwambia "serikali ya kule inatafuta Watanzania mia tano", shtuka.

Kijana_wa_Songea

Nimemwandikia swali la cheo. Ameacha kujibu tangu jana jioni. Hela bado ninayo. Sasa dada, wewe lugha uliipataje hasa? Nianzie wapi nikiwa hapahapa Songea?

Nesi_wa_Kagera

Mungu ashukuriwe kwa hiyo hela.

Mimi darasa lilinipa sarufi, lakini masikio niliyapata kwingine. Nilianza kujitolea siku mbili kwa wiki kuwasomea wazee gazeti kabla hata sijaajiriwa. Wazee wana muda, na wakikusahihisha hawana haraka. Maktaba nyingi za huku zina meza ya mazungumzo kwa wanaojifunza, bure. Jioni nilikuwa naangalia *Jeugdjournaal*, taarifa ya habari ya watoto, maana wanaongea taratibu na kwa maneno ya kawaida.

AKV niliangukia kusikiliza mara ya kwanza. Kusoma na kuandika nilivuka. Nikagundua nilikuwa nasoma mno na kusikiliza kidogo, nikageuza: miezi minne nikawa sisomi kitu kabla sijakisikia. Mara ya pili nikavuka.

Wewe wa Songea fungua Thuisarts. Ni tovuti ya chama cha madaktari wa familia wa Uholanzi, imeandikwa kwa ajili ya wagonjwa, kwa lugha nyepesi. Chukua ugonjwa unaoujua vizuri, mathalani nimonia. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe unaujua, maneno yanaingia. Soma kwa sauti, jirekodi, kisha mweleze ugonjwa huo mgonjwa wa kufikirika kana kwamba ni shangazi yako. Ndicho utakachofanya kazini: kueleza kitu kizito kwa maneno mepesi, kwa mtu mwenye hofu. Ukurasa mmoja kwa wiki, usivuke wiki. Baada ya mwaka utajua kama lugha hii unaiweza, na utakuwa hujamlipa mtu hata senti.

Bint_Malindi_Muscat

Dada, unaonaje tukafanya pamoja? Mimi naweza kumsaidia huyo kijana namba, yeye anisaidie uvumilivu wa kujirekodi, naona haya kuisikia sauti yangu.

Mluhya_wa_Kitale

Mimi nabaki na Kijerumani changu, lakini namba za Wajerumani pia ziko kinyume vilevile. Nikaribisheni siku ya namba.

Nesi_wa_Kagera

Nimefurahi. Jumapili hii sina zamu. Nitafungua kundi, tutaanza na ukurasa wa *benauwdheid*, mnajua kwa nini. Tukutane *half acht* jioni, saa za huku. Kijana wa Songea, niambie hiyo kwako ni saa ngapi.

Kijana_wa_Songea

*Half acht* ni nusu ya kuelekea nane, kwa hiyo 7:30, kwa Kiswahili saa moja na nusu jioni. Na kwa kuwa huko sasa ni majira ya baridi mko nyuma yetu saa mbili, hapa Songea itakuwa saa tatu na nusu usiku.

Nesi_wa_Kagera

Ndiyo hiyo. Saa tatu na nusu, uwe na daftari.